GPA na MCAT za kuingilia chuo cha osteopathi Marekani: namba zinavyohesabiwa kweli

Wanafunzi wanaoanza mwaka wa kwanza katika vyuo vya tiba ya osteopathi nchini Marekani huwa na MCAT (mtihani wa kuingilia udaktari) ya wastani wa 504 hivi, GPA (wastani wa alama za chuo) ya jumla inayozunguka 3.6, na GPA ya masomo ya sayansi ya 3.5 hivi. Kwa vyuo vya kawaida vya udaktari, vya MD, namba hizo ni 511 au 512 kwa MCAT na karibu 3.8 kwa GPA. Takwimu hizi huzungushwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo walioko Marekani. Mwenye 3.3 akizisoma anakata tamaa, mwenye 3.7 anajiona ameshafika. Ukweli ni kwamba wote wawili hawajaijua GPA yao bado, kwa sababu ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya chuo siyo atakayoisoma mtu wa kamati ya udahili.

Kabla ya hesabu, jambo moja liwekwe sawa. D.O. wa Marekani, yaani aliyehitimu chuo cha osteopathi, ni daktari kamili. Anapata leseni katika majimbo yote 50, anaandika dawa, anafanya upasuaji, na tangu 2020 anasomea ubingwa katika programu zilezile anazosomea M.D. Chuo cha kwanza kilifunguliwa na Andrew Taylor Still mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892, na leo zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya wanne wa udaktari nchini humo anasoma chuo cha aina hii. Kinachoongezeka kwenye mtaala ni saa kama 200 za kujifunza kuchunguza na kutibu mifupa, maungio na misuli kwa mikono. Uingereza mambo ni mengine: kule osteopathi si daktari wa tiba, kwa hiyo shangazi aliyeko London akikuuliza kwa nini umeacha udaktari, usimkasirikie. Na kama umeshahitimu udaktari Muhimbili, Nairobi, Makerere au Kinshasa, njia hii haikuhusu. Yako ni ECFMG, wanaohakiki madaktari waliosomea nje ya Marekani, na USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari. Usirudi kuanza moja.

Wastani si kizingiti

Wastani wa 504 maana yake wapo wengi walioingia na 499 au 500, na wapo walioingia na 512. Kizingiti ni kitu kingine. Vyuo vingi hutangaza kiwango cha chini, kwa kawaida GPA kati ya 2.75 na 3.0, na baadhi hutaja pia MCAT ya chini isiyo mbali na 500. Ukiwa chini ya hapo, mfumo wa kompyuta unaweza kukuweka kando kabla binadamu hajafungua faili lako. Ukiwa juu ya hapo umepata haki ya kusomwa, basi. Wapo wanaolipia maombi chuo baada ya chuo kwa sababu tu "wametimiza vigezo", halafu wanashangaa kimya kinachofuata.

Kwa nini vyuo vinashikilia namba hivi? Sababu kubwa ni mitihani ya leseni. Mwanafunzi wa D.O. lazima afaulu COMLEX, na wengi huongeza USMLE. Chuo ambacho wanafunzi wake wanaanguka mitihani hiyo kinajiweka pabaya kwa wanaokipa ithibati. Kwa hiyo mtu wa udahili akiona MCAT 496 haoni uvivu wako, anaona uwezekano wa wewe kukwama mwaka wa pili. Ndiyo maana barua nzuri ya daktari haifuti namba mbaya: barua inajibu swali jingine.

Kwa maoni yetu, mwenye GPA ya 3.5 na MCAT 504 yenye sehemu zilizolingana ana nafasi ya kweli akiomba mapema na akichagua vyuo vizuri. Mwenye 3.3 anahitaji MCAT ya 507 au zaidi, pamoja na miaka ya mwisho iliyopanda wazi. Mwenye 3.0 asiguse MCAT kwanza. Arudi darasani.

GPA yako ilivyo mbele ya AACOMAS

Maombi ya karibu vyuo vyote vya D.O. hupitia mfumo mmoja unaoitwa AACOMAS. Unaingiza kila somo ulilowahi kusoma baada ya sekondari, pamoja na alama na krediti zake, chuo kwa chuo. Wao wanalinganisha na transkripti, kisha wanakokotoa GPA upya kwa kanuni zao. A ni 4.0 na A+ nayo ni 4.0. A- ni 3.7, B+ ni 3.3, B ni 3.0, B- ni 2.7, C+ ni 2.3, C ni 2.0. Alama ya W, ya somo uliloliacha katikati, haiingii kwenye hesabu, na somo la kufaulu au kufeli lisilo na herufi haliingii pia.

Shida huanzia kwenye masomo yaliyorudiwa. Hadi msimu wa 2016, mfumo huu ulikuwa ukichukua alama ya mwisho na kuisahau ya kwanza, na sifa hiyo ya huruma bado inasimuliwa vijiweni kana kwamba ipo. Iliondolewa Mei 2017. Sasa kila jaribio linahesabiwa. Ulipata D ya kemia ogani yenye krediti 4, ukarudia ukapata A: hiyo ni pointi 4 na pointi 16, jumla 20 kwa krediti 8, sawa na 2.5. Chuo chako huenda kimeifuta D na kukuandikia GPA nzuri. AACOMAS hawajali msamaha wa chuo. Wanaihesabu D.

Hebu tuchukue mfano kamili, wa mtu wa kawaida kabisa. Alifika Marekani, akaanza chuo cha jamii huku anabeba boksi usiku, na krediti 60 za kwanza zikaishia 2.8. Akahamia chuo kikuu, akapunguza zamu, na krediti 60 zilizofuata zikawa 3.7. Pointi zake ni 168 na 222, jumla 390. Gawanya kwa 120, ni 3.25. Akisoma krediti 24 zaidi baada ya digrii na kupata A tupu, anaongeza pointi 96: 486 kwa 144, ni 3.375. Mwaka mzima wa jasho, na GPA ya jumla imepanda kwa sehemu ndogo tu.

Lakini angalia upande wa sayansi. Tuseme alikuwa na krediti 40 za sayansi kwa wastani wa 2.9, yaani pointi 116. Krediti zilezile 24, zote zikiwa za sayansi, zinampeleka kwenye pointi 212 kwa krediti 64. Hiyo ni 3.31. Jasho lilelile limesogeza GPA ya sayansi mara tatu zaidi, kwa sababu kigawanyo ni kidogo. Ndiyo maana anayerudi darasani kuokoa faili lake hana sababu ya kuchukua masomo mepesi ya kujaza. Achukue baiokemia, fiziolojia, jenetiki, mikrobaiolojia. Tena akumbuke kwamba AACOMAS, tofauti na mfumo wa MD, haiweki hisabati kwenye GPA ya sayansi. Aliyekuwa na A za kalkulasi na C za kemia atakuta amepungukiwa, na aliyezama kwenye kalkulasi atapumua.

Walioko Seattle, Kent na vitongoji vyake wana la ziada. Vyuo vingi vya huko hugawa mwaka kwa mihula ya robo, si semesta, na krediti za robo hupunguzwa hadi theluthi mbili. Somo la krediti 5 linakuwa 3.33. Hili haliharibu GPA, ila linaweza kukuacha chini ya krediti 8 ambazo chuo kinadai kwa kemia au fizikia. Kwa kawaida masomo matatu mfululizo ya robo ndiyo yanayolingana na mwaka mzima wa semesta. Aliyesoma mawili akaona yametosha anakuja kugundua baadaye, mara nyingi kwenye barua ya chuo kilichokwisha kumkubali kwa masharti.

Masomo yenyewe yanayodaiwa hayatofautiani sana: baiolojia, kemia ya kawaida, kemia ogani na fizikia, kila moja krediti 8 pamoja na maabara; Kiingereza krediti 6; na baiokemia krediti 3 katika vyuo vingi. C ndiyo ya chini, na C- haikubaliki. Manesi na wasaidizi wao wanaangukia hapa. Kemia ya semesta moja iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi haihesabiki kama kemia ya kawaida, hata kama ulipata A. Somo linalotakiwa ni lile wanalosoma wenyewe wa fani za sayansi. Waulize wa ofisi ya udahili kwa barua pepe, ukitaja namba ya somo, na majibu yao uyahifadhi.

Texas ina mlango wake. Kwa mkazi wa jimbo hilo, sheria inamruhusu anayerudi chuo cha umma kuomba masomo yake ya miaka 10 au zaidi iliyopita yasiangaliwe, na TMDSAS, ambao ni mfumo wa maombi wa Texas, unaiheshimu. TCOM ya Fort Worth, chuo cha D.O. cha umma, hupokea maombi kwa mfumo huo. Kwa baba wa watoto watatu aliyeharibu semesta mbili akiwa na miaka 20, hii ni dhahabu. Ila haichagui: A za wakati ule nazo zinafutika pamoja na F, na masomo ya lazima yaliyokuwa humo itabidi uyasome upya. Tena AACOMAS haiutambui msamaha huu, kwa hiyo ukiomba nje ya Texas yote yanarudi mezani.

Transkripti za nyumbani

Aliyesoma Dar, Nairobi au Bujumbura anatakiwa kupeleka transkripti yake kwa wakala wa kutathmini, kama WES au ECE, na kuagiza tathmini ya somo kwa somo. Ile ya bei nafuu inayotaja digrii tu haifai. Usijikokotolee mwenyewe. GPA ya Tanzania ni kati ya 5, lakini 3.8 haigeuki kuwa 3.04 kwa kuzidisha nne na kugawa kwa tano. Kila somo linatafsiriwa kwa herufi yake, na matokeo yanaweza kuwa juu zaidi ya hesabu hiyo.

Tathmini nzuri peke yake haitoshi katika vyuo vingi. Wanataka pia krediti kadhaa zilizosomwa kwenye chuo chenye ithibati cha Marekani, mara nyingi 30, kwingine zaidi, na hasa zile za sayansi. Baadhi hawapokei kabisa mwanafunzi wa viza ya F-1. Anza na swali hilo kabla ya kulipa chochote.

MCAT

Mtihani una sehemu nne, kila moja ikipewa alama kuanzia 118 hadi 132, kwa hiyo jumla ni kati ya 472 na 528. Katikati ni 500, na 504 inakuweka mbele ya watahiniwa kama asilimia 60. Tatu kati ya sehemu hizo ni kemia na fizikia, baiolojia na baiokemia, kisha saikolojia na sosholojia. Kila moja ina maswali 59 kwa dakika 95. Ya nne, CARS, ni ufahamu: maswali 53 kwa dakika 90. Ukijumlisha mapumziko unakaa pale saa saba na nusu. Kikokotoo hakiruhusiwi. Jibu la makosa halikatwi alama, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi.

CARS ndiyo inayowaangusha watu wetu, na wanaanguka wakiwa wameshajiandaa vizuri kwa sayansi. Ina vifungu tisa, kila kimoja maneno 500 hadi 600, vya falsafa, sanaa, historia, siasa na mambo kama hayo. Hakuna ujuzi wa nje unaohitajika. Ukigawa muda, ni dakika 10 kwa kifungu: nne za kusoma, sita za maswali matano hadi saba. Anayesoma Kiingereza kwa kutafsiri kichwani hutumia dakika saba kusoma, na hapo vifungu viwili vya mwisho vinabaki vya kubahatisha. Kosa jingine ni la namna tulivyozoeshwa shule: kutafuta sentensi kwenye kifungu inayofanana na jibu. CARS inauliza mwandishi ana msimamo gani, na angesema nini juu ya jambo ambalo hakulitaja. Jibu lenye maneno yaleyale ya kifungu mara nyingi ni mtego.

Haitibiki kwa wiki sita. Miezi mitano au sita kabla, soma kila siku makala ndefu moja ya Kiingereza isiyokuhusu, kisha andika kwa sentensi moja mwandishi anadai nini na anampinga nani. Baadaye ongeza vifungu viwili vya mazoezi kwa siku, ukijipimia muda. Kila swali ulilokosa, andika kwa nini jibu lako lilikuvutia, usiandike tu kwa nini jibu sahihi ni sahihi. Baada ya maswali 100 utaona makosa yako ni ya aina mbili au tatu, yanajirudia.

Mizani kati ya sehemu ina maana. 504 ya 126, 126, 126, 126 inasomwa vizuri kuliko 504 ya 129, 120, 128, 127, kwani ile 120 baadhi ya vyuo itawafanya wasite.

Maandalizi ya kawaida ni saa 300 au zaidi. Kwa mwenye zamu za saa 36 kwa wiki, saa 15 za kusoma ni kiwango cha kweli, na hiyo ni miezi mitano. Mitihani ya mazoezi ya AAMC, wenye MCAT yenyewe, ndiyo ya kuaminika. Ifanye kuanzia saa mbili asubuhi, kwa mapumziko halisi, simu ikiwa chumba kingine. Kama mitatu ya mwisho haijafika unapotaka, ahirisha. Usiende "kujaribu bahati". Unaruhusiwa mara 3 kwa mwaka, 4 kwa miaka miwili mfululizo, 7 maisha yote, na hata kujiandikisha bila kutokea kunahesabika. AACOMAS nao wataona alama zako zote. Chuo kimoja huangalia ya juu, kingine ya karibuni.

Kuhusu fedha: AAMC wana msaada wa ada kwa wenye kipato cha chini, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wamo. Unapunguza ada kwa zaidi ya nusu na kukupa vifaa vyao vya mazoezi. Lakini lazima uidhinishwe kabla ya kujiandikisha, ukishalipa, hawarudishi. Jina nalo liangalie mapema. Kitambulisho na fomu lazima vifanane, na wengi wetu tuna karatasi za uhamiaji ambazo jina la baba limekaa mahali pa jina la mwisho, au majina mawili yameunganishwa. Mlangoni hakuna mjadala, na ada imekwenda.

Kalenda

AACOMAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, na vyuo huanza kupokea maombi mwezi Juni. Viti hutolewa kadiri faili zinavyofika, kwa hiyo tarehe ya mwisho iliyoandikwa, inayoweza kuwa Machi, ni ya kujidanganya. Mwenye 503 aliyekamilika Julai anashindania viti ambavyo bado vipo tele. Mwenye 507 aliyekamilika Januari anashindania mabaki.

Rudi nyuma kutoka hapo. Majibu ya MCAT huchukua takriban siku 30, na mtihani hufanyika kati ya Januari na Septemba. Ukiufanya Aprili, unajua alama yako kabla ya kuchagua vyuo. Ukiufanya Juni, tuma maombi kwa chuo kimoja bila kusubiri, ili uhakiki wa transkripti uendelee, kisha uongeze vyuo alama zikitoka. Uhakiki ndio unaokwamisha: transkripti moja ya chuo ulichosoma somo moja tu, miaka minane iliyopita, inalisimamisha faili zima. Kusahau kukiandika chuo hicho ni kubaya zaidi, kwani kunasomeka kama kuficha. Na alama za MCAT haziendi AACOMAS zenyewe. Unaingia kwenye akaunti yako ya AAMC na kuzituma. Kila mwaka wapo wanaosubiri hadi Septemba bila kujua hawakubofya.

Barua za mapendekezo huandaliwa miezi hiyohiyo: mwalimu wa sayansi mmoja au wawili, na daktari, ambaye vyuo kadhaa hutaka awe D.O. Mtafute mapema na umfuate kazini siku chache, maana barua ya daktari aliyekutana nawe mara moja haina uzito. Baadhi ya vyuo pia hudai mtihani wa hali za kazini kama Casper, ambao hauna cha kukariri.

Sasa vyuo vyenyewe. Chuo cha kwanza kwenye AACOMAS ni karibu dola 200, kila kinachofuata zaidi ya dola 50, kisha kila chuo hutuma fomu yake ya pili yenye ada yake. Vyuo 10 hadi 14 vinatosha kwa wengi. Anza na vya umma vya jimbo lako, kama unavyo: Texas, Michigan, Ohio, Oklahoma na West Virginia wanavyo, na mkazi hulipa ada ndogo zaidi. Vyuo vya umma vya Texas haviruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 10 kutoka nje ya jimbo, kwa hiyo wa Minnesota asiwekeze matumaini huko. Kisha ongeza vya binafsi ambavyo wastani wao uko karibu na namba zako, na vinavyotamka wazi kwamba vinataka madaktari wa vijijini au wa jamii zisizo na huduma, iwapo kazi uliyokwisha kuifanya inaonyesha hivyo.

Bei ya chuo isiachwe hadi barua ya kukubaliwa ifike. Kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa serikali kuu kwa masomo ya udaktari una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla, na mkopo wa nyongeza uliokuwa ukiziba pengo umefungwa kwao. Ada peke yake katika vyuo vingi binafsi vya D.O. inapita kiwango hicho cha mwaka, kabla ya pango na chakula. Kwa hiyo kwenye jedwali lako la vyuo, pembeni ya safu ya MCAT na ya GPA, weka safu ya tatu ya gharama nzima ya mwaka, na uijaze kabla ya kubofya chuo cha kwanza.